Namba Sita za Daktari Sandra

Hadithi hii hakuna mtu ataiamini. Hata mimi ningeisikia kwa mwingine ningemwambia aende akalale kwanza, tuongee kesho. Lakini ni ya kweli kutoka kichwani mpaka miguuni, na anayebisha aje Kitale aulize mashine ya posho ya Kipkemei iko wapi. Ataonyeshwa na mtu yeyote, hata mbwa watamsindikiza. Kipkemei ndiye mimi. Shule niliacha darasa la saba, na msidhani shule ilinishinda. Walimu ndio waliishiwa na vitu vya kunifundisha.

Lakini habari yenyewe si yangu. Ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Jepkosgei wa kule Kapsokwony. Anaitwa Sandra Chepngeno na ni daktari. Sisemi daktari wa kuuza tembe siku ya soko. Nasema daktari wa kumpasua mtu, kumshona, na mtu akaamka akauliza uji uko wapi. Yuko hospitali moja kule Bungoma, mwaka wa sita huu.

Ukikutana naye njiani huwezi kujua. Ni mfupi, anavaa kandambili, na begi lake lina mkanda ulioshikwa na pini. Analala mahali popote penye kiti. Siku moja alilala kwangu huku mashine ya posho inanguruma, kichwa juu ya gunia la pumba, akaamka mweupe kama mandazi kabla hayajaingia kwa mafuta. Ukimfanyia mzaha anakutazama kwanza, kama mtu anayekupima joto, halafu ndiyo anacheka. Mimi huwa nangoja.

Sasa huyu Sandra kwa miaka mitatu alikuwa anataka kitu kimoja tu: arudi chuo, asomee udaktari bingwa wa akina mama wanaojifungua. Nilimwuliza siku moja nikimpimia unga wa kubeba.

"Si wewe ni daktari tayari? Unataka kuwa daktari mara ngapi?"

"Anko, mama akija na shida ya kawaida, namsaidia. Akija na ile kubwa, naandika barua apelekwe Eldoret. Nimeandika barua mpaka nimechoka."

"Si Eldoret kuna madaktari?"

"Wapo. Shida ni kufika."

Nikaacha kupima unga.

Zamani mtu akitaka shule alikuwa anaenda. Unavaa koti, unatia vyeti kwa bahasha ya kaki, unakaa nje ya ofisi mpaka mkubwa atoke kwenda chai, unamsalimia kwa mikono miwili. Siku hizi hakuna ofisi wala mkubwa. Kuna mtandao. Chuo kile cha Nairobi kinafungua ukurasa wake kwa wiki sita kila mwaka, na ndani ya hizo wiki sita unaulizwa maswali mpaka unasahau jina la baba yako. Unapachika vyeti, unapachika picha, unataja madaktari watatu wakubwa wa kukusifu, unaandika kwa nini unataka kusoma. Mimi ningeandika, "Kwa sababu nataka." Yeye aliandika kurasa mbili, akazifuta, akaandika tena.

Mwaka wa kwanza mtandao ulimwambia cheti chake ni kizito. Karatasi! Nilimwambia alete niipime kwa mizani ya mahindi tuwatumie jibu. Akaenda saiba, kwa wale wenye kompyuta za kukodi, wakaipunguza, wakaipunguza, mpaka muhuri wa baraza la madaktari ukawa kama doa la chai. Mtandao ukasema sasa haisomeki. Muda ukaisha.

Mwaka wa pili kizuizi kilikuwa mzee Bethwel, daktari mkubwa aliyemfundisha kazi, ambaye amestaafu na sasa analima mahindi Ndalu. Mtandao ulimtumia mzee kiungo, abonyeze, aandike sifa za Sandra. Kiungo kina uhai wa siku saba. Nilienda Ndalu mwenyewe, nikamkuta katikati ya shamba, jembe mkononi.

"Daktari, kuna kitu umetumiwa kwa simu."

"Nimekiona. Nitakifanya nikimaliza palizi."

Palizi ilichukua siku tisa.

Mwaka wa tatu ndio huu ninaosimulia. Mzee Bethwel alifungwa kamba mapema, akabonyeza huku Sandra amesimama karibu naye. Vyeti vilikuwa vyepesi na muhuri unaonekana. Kilichobaki ni barua ya kaunti, ile ya kumruhusu aende kusoma bila kupoteza kazi. Barua hiyo alikuwa ameingoja miezi kumi na minne, inatoka meza hii inalala meza ile. Na ilikuwa ya mwaka huu peke yake. Asipoitumia inaenda kwa mwingine aliye kwa foleni, naye anarudi nyuma kabisa. Ilitiwa sahihi Alhamisi asubuhi. Ukurasa wa chuo ulikuwa unafungwa Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe. Sandra alipomaliza kidato cha nne, mimi ndiye nilimpeleka saiba hapa Kitale afunguliwe barua pepe. Kompyuta ikauliza namba ya simu. Mtoto hakuwa na simu. Nikatoa kifua mbele, nikasema, "Weka yangu." Nilijisikia kama nimemlipia karo ya chuo chote. Baadaye Sandra alipata simu yake, akasahau. Mimi nikasahau. Kompyuta haikusahau.

Na jambo la pili: mimi ni adui mkubwa wa wezi wa simu. Mnawajua. Wale wanaokupigia ati umeshinda zawadi, ati mtoto wako amezimia shuleni, tuma kitu haraka, nisomee namba uliyotumiwa. Chifu alituita baraza akatuambia, namba za siri usimpe mtu hata akilia. Wengine walisikia wakaenda nyumbani. Mimi niliifanya kazi. Mwizi akinipigia, simkatii. Nilikuwa naweka simu kwa sauti kubwa, ile simu yangu ndogo ya vibonyezo yenye tochi, foleni yote ya posho isikie, halafu namzungusha mwizi mpaka anatukana. Watu walikuwa wanaleta mahindi kwangu na kupita mashine mbili njiani, kwa sababu kwangu kuna burudani.

Alhamisi hiyo, Sandra aliamka na bahati mbaya. Simu yake ilitumbukia kwa ndoo ya dawa ya kuoshea sakafu wodini, ikazima. Adhuhuri akakimbia na barua ya kaunti mpaka saiba ya mama mmoja anaitwa Shamira, karibu na msikiti wa Bungoma. Wakaipachika. Kila kitu kikakubali. Mtandao ukasema: tumekutumia kiungo kwa barua pepe, kibonyeze, vinginevyo hujatuma kitu. Akafungua barua pepe kwa kompyuta ya Shamira. Barua pepe ikasema: kompyuta hii siijui, nitatuma namba sita kwa simu yako. Simu yenyewe ndiyo hii yangu.

Na hapo hapo askari wa hospitali akaja mbio: kuna mama amefika, mtoto amekaa vibaya, daktari mwingine hayuko. Sandra akamwandikia Shamira namba yangu nyuma ya karatasi. "Mpigie anko wangu akusomee zile namba. Weka, fungua, bonyeza kiungo. Basi." Akaenda na kandambili zake.

Saa nane kasorobo simu yangu ikalia. Kabla yake ujumbe ulikuwa umeingia, namba sita, na chini yake: usimpe mtu yeyote.

"Hujambo mzee wangu. Samahani kwa usumbufu. Naongea na Mzee Kipkemei?"

"Mwenyewe. Na wewe ni malaika gani?"

"Naitwa Shamira, nina saiba hapa Bungoma. Nimetumwa na Daktari Sandra. Simu yake imeharibika, naye ameitwa chumba cha upasuaji. Kuna namba sita zimeingia kwako sasa hivi. Naomba unisomee, tafadhali, ni jambo la haraka."

Hebu nyinyi wenyewe sikilizeni hayo maneno. Ndugu yako, simu imeharibika, hospitali, namba sita, haraka. Hakuna mwizi amewahi kuimba wimbo huo vizuri kama huyo mama. Halafu Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno. Sisi huku mtu akikupigia na Kiswahili kimenyooka hivyo, anataka kitu chako.

Nikaweka sauti kubwa. Waithaka, jirani yangu anayeuza buti za mitumba, alikuwa mbele ya foleni na debe lake. Akaruka.

"Amekuja! Kipkemei, amekuja! Mcheze!"

"Ngoja mama, nivae miwani," nikasema. Sina miwani. "Haya andika. Saba. Saba. Nne. Sufuri. Mbili. Mbili."

Tulisikia anabonyeza. "Imekataa, mzee wangu. Hebu tazama tena."

"Ooo, kumbe nilikuwa nimeshika simu kichwa chini. Andika. Tatu, tisa, tisa..."

"Mpe umri wa bibi yako!" Waithaka akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa Moi's Bridge. Foleni ikalala juu ya magunia kwa kicheko.

"Imekataa tena." Sauti ya yule mama ilikuwa imeanza kutetemeka. "Mzee wangu, nakuomba kwa jina la Mungu. Imebaki mara moja tu. Tukikosea itajifunga, na daktari ana mpaka saa kumi na moja."

"Ikijifunga, na wewe utafungwa!"

Watu wakapiga makofi. Nikasafisha koo. Nikampa moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Akasema, bila hasira, "Imefunga. Mungu akusamehe."

"Jamani, mwizi anasali!" nikawaambia watu. Waithaka alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikawasomea ule ujumbe kwa sauti, pale penye usimpe mtu yeyote, waone natii sheria. Yule mama akapiga tena mara nne. Sikushika.

Saa tisa na nusu namba nyingine ngeni ikaingia.

"Haloo, sasa ni zamu ya mwizi gani?"

"Anko."

Sauti ya Sandra naijua tangu akiwa analilia viazi moto. Nikamfanyia Waithaka ishara azime mashine. Mkanda ukazunguka polepole, ukasimama.

"Anko, Shamira alikupigia?"

"Kuna mama fulani alipiga, ndiyo."

"Ulimpa namba?"

"Nilimpa." Na huo haukuwa uongo.

"Zile zenyewe?"

Niliangalia ile foleni. Walikuwa bado wanatabasamu, wananingoja nianze.

"Anko, zile zenyewe?"

"Sandra, mama, mimi nilidhani..."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alipumua tu, nikasikia vyuma vinaoshwa nyuma yake, akasema, "Sawa, Anko," kama vile anavyowaambia watu wa wagonjwa.

Nikamwambia Waithaka awashe pikipiki yake. Msiniulize nilikuwa naenda kufanya nini. Namba zilikuwa kwa simu yangu, basi nilifikiri nikiipeleka simu yenyewe Bungoma, kompyuta itaona. Tulipita Kimilili kama tumeiba. Saa kumi na moja kasoro dakika saba tukawa mlangoni kwa Shamira.

Sandra alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na nguo za kijani za kupasulia, kofia bado kichwani. Shamira alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni. Kioo kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu: majaribio yamezidi, rudi baada ya saa ishirini na nne.

"Namba ndizo hizi!" Nikaiweka simu mbele ya kioo, nikaisogeza karibu, karibu kabisa, kama ninamwonyesha mzee asiyeona vizuri. "Tatu, sufuri, nane..."

"Anko, hizo zilikufa zamani. Zinaishi dakika kumi."

"Basi itume nyingine."

"Haiwezi mpaka kesho saa nane."

"Na chuo wanafunga?"

"Saa kumi na moja."

Alikuwa ameshapiga simu chuoni. Ilikuwa inacheza muziki, halafu mama wa kurekodiwa anasema laini zote zina shughuli, halafu muziki. Alikuwa ameandika kwa barua pepe ya Shamira pia. Jibu lilirudi haraka ajabu: tumepokea ujumbe wako, tafadhali usijibu barua hii.

"Nani mkubwa wa hii kitu?" nikauliza.

"Kitu gani?"

"Hii. Inayokataa. Niambie jina lake, niende nimwone. Nitapiga magoti, Sandra, mimi sioni haya."

"Hakuna mtu, Anko."

"Hakuna kitu haina mtu! Hata jela ina mtu wa kuongea naye."

Akageuka akanitazama, ile ya kupima joto. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akasema taratibu, "Ningemjua, ningekuwa nimeenda mimi."

Tukakaa. Shamira akavuta viti. Watu wanne tumekodolea kioo macho kama tunangoja kiseme kimekosea. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti, nikataka kuitoa betri. Sandra alijaribu kufungua ukurasa wa chuo mara nyingi, kila kitu chake kiko pale, jina, picha, vyeti, barua ya kaunti na sahihi yake mbichi, na juu kabisa maneno haya: maombi hayajathibitishwa. Ilipofika saa kumi na moja alibonyeza tena. Ukurasa ukawa mweupe, ukarudi na mstari mmoja. Muda wa maombi umekwisha. Asanteni.

Waithaka akatoka nje. Nilimwona kwa dirisha ameshika mkono wa pikipiki, haendi popote.

Mimi nilimgeukia Shamira. "Mama, nisamehe. Ni Kiswahili chako."

"Kiswahili changu kimefanya nini?"

"Ni kizuri mno."

Akacheka kidogo huku machozi yanamtoka, akafunika uso na mtandio. "Mzee wangu," akasema, "nami nilifikiri nimepiga namba ya mlevi."

Sandra alitoa kofia, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akasema anarudi wodini kumwangalia yule mama.

"Yuko aje?"

"Mzima. Mtoto pia."

Nikamfuata mpaka lango la hospitali, simu mkononi. Kila hatua natafuta neno. Mimi, Kipkemei, ambaye nikianza hadithi watu wanaacha unga wao ukamwagika. Nikapata moja tu, "Umekula?" Akasema atakula. Akaingia.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Mimi si mtu wa kuacha damu yangu njiani. Ijumaa alfajiri nilivaa koti, nikaenda Nairobi, nikatafuta chuo mpaka nikakipata. Askari watatu walinizuia, nikawapita. Nikapanda gorofa, nikafungua mlango bila kubisha, na mkubwa mwenyewe akasimama, akanishika mkono, akasema, mzee, habari za daktari huyo tumezisikia mpaka huku, mwambie afike mwezi wa tisa, na pale pale akatoa kalamu yake ya dhahabu akaliandika jina la Sandra kwa kile kitabu kikubwa chenye ngozi ya—

"Anko."

Amekuja Jumapili kututembelea. Sikusikia anafika nyuma ya kiti changu, anasoma ninachoandika.

"Kitabu gani, Anko?"

"Kile cha... kiko chuoni. Kikubwa."

"Hukuenda Nairobi. Mama alisema ulikaa wiki nzima hapa umezima simu, na mashine umeifunga."

"Nilikuwa nataka tu watu wasome wafurahi."

"Barua ya kaunti alipewa mwingine. Mimi nimerudi nyuma ya foleni. Andika hivyo."

"Sandra, hiyo ni mbaya kuandika."

"Andika."

Haya. Barua alipewa mwingine. Sandra amerudi nyuma ya foleni, yuko Bungoma, na juzi Jumanne ameandika barua nyingine ya Eldoret. Namba ya barua pepe tumebadilisha, sasa ni yake. Lakini zamu yake ikirudi, nawaapia, nitaketi mbele ya hiyo kompyuta siku arobaini, sili, silali, na mtandao ukithubutu kukataa nitaushika na mikono hii miwili niuvute kutoka Nairobi mpaka—

"Anko."